Pesa Isiyovuka Bahari: Historia ya Kutuma Hela kutoka Dubai

Mlinzi au mfanyakazi wa ndani anayetuma pesa Mombasa au Dar es Salaam kutoka Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, hudhani dirhamu zake zimevuka bahari. Aghalabu hazivuki. Kinachovuka ni bidhaa, na ndivyo ilivyokuwa tangu majahazi ya Ghuba yalipokuja na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yamesheheni boriti za Lamu na Rufiji. Tumezoea kueleza utumaji wa pesa kama habari ya benki, na sasa ya simu. Nadhani tunakosea mlango: kilichoifanya Dubai kuwa kituo kikubwa cha hela za Afrika Mashariki ni soko lake.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Somalia. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Wasomali wengi walikwenda Ghuba kutafuta kazi, lakini kwao benki za serikali zilibadilisha fedha kwa kiwango cha hasara. Ukazuka mtindo ulioitwa franco valuta: mfanyakazi alimkabidhi mfanyabiashara mshahara wake huko huko Ghuba, naye akanunua nguo au chakula, akasafirisha, akauza, kisha akailipa familia kwa shilingi. Mohamed Said Duale wa Burao alifanya biashara ya namna hiyo, na humo ndimo ilimozaliwa Dahabshiil, kampuni yake ya kutuma pesa. Tanzania ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha za kigeni nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na hiyo ni serikali iliyokuwa imetoka kuwasaka walanguzi mwaka mmoja tu kabla! Rafu zilizokuwa tupu zilianza kujaa.

Somalia ilipopoteza serikali mwaka 1991 ilipoteza na benki, lakini hawala, yaani kutuma pesa kwa kuaminiana kati ya mawakala, ikabaki, kwa kuwa haikutegemea hata kimoja kati ya hivyo. Mtumaji hutoa dirhamu kwa wakala wa Dubai. Wakala huandika jina la mpokeaji, namba yake na kiasi. Ujumbe hufika Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi jijini Nairobi, na mpokeaji akiwa hana kitambulisho huulizwa ukoo wake. Analipwa shilingi. Sasa wakala wa Nairobi anamdai mwenzake wa Dubai, na deni hilo humalizwa na mwenye duka anayetaka dirhamu za kununulia simu na vitambaa: yeye hutoa shilingi Nairobi, dirhamu azikute Deira. Haja mbili zimefutana bila noti hata moja kupanda ndege.

Wapo watakaosema njia isiyo na karatasi ni maficho ya magaidi. Hofu hiyo haikutoka hewani, ila rekodi yake si nzuri. Novemba 2001 Marekani iliifunga Al Barakaat, kampuni ya Wasomali iliyokuwa na makao Dubai. Baadaye watafiti wa tume iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11 hawakupata ushahidi kwamba iliifadhili al-Qaida. Aprili 2015, baada ya shambulio la kigaidi la Garissa, Kenya ilizisimamishia leseni kampuni 13 za kutuma pesa, na Juni ikaziruhusu tena. Waliokosa karo na chakula katikati ya hapo walikuwa wazazi na watoto. Falme za Kiarabu zilichagua njia ya busara zaidi: tangu 2002 Benki Kuu yake inawasajili mawakala wa hawala.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, si simu imemaliza kazi? Imemaliza kipande cha mwisho, nacho si kidogo kwa bibi aliyeko kijijini. Lakini shilingi zinazoingia kwenye simu yake lazima mtu awe ameziweka Kenya, na mtu huyo naye anataka fedha za kigeni. Makontena yanayotoka Jebel Ali, bandari ya Dubai, bado yanalipiwa.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo la ada ya kutuma pesa iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na Afrika kusini mwa Sahara bado ndiko kutuma pesa kunakogharimu zaidi duniani. Benki kuu zetu zikitaka ada hiyo ishuke, ziwaite mezani waagizaji wa Kariakoo na Eastleigh pamoja na kampuni za simu.