Rangi, Jina na Kivuli: Mhusika Ged kutoka Riwaya hadi Televisheni, 1968–2004

Mjadala kuhusu riwaya zinazogeuzwa kuwa tamthilia za televisheni aghalabu hulizunguka swali moja: je, tamthilia imekuwa aminifu kwa kitabu? Swali hili lina upungufu. Televisheni haiwezi kuikariri riwaya neno kwa neno, wala hapana sababu ya kuitaka ifanye hivyo. Lililo muhimu zaidi ni kuuliza ni sifa zipi za mhusika zilizoondolewa, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuziondoa, na kuondolewa huko kuliathiri vipi dhamira ya kazi. Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kumfuatilia mhusika mmoja, Ged, tangu alipobuniwa na Ursula K. Le Guin katika A Wizard of Earthsea mwaka 1968 hadi alipoonyeshwa katika tamthilia ya televisheni ya Marekani mwezi Desemba 2004.

Le Guin (1929–2018) alizaliwa Berkeley, California. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia, na mama yake, Theodora Kroeber, ndiye aliyeandika Ishi in Two Worlds (1961), kitabu kinachosimulia maisha ya mtu wa mwisho aliyejulikana wa jamii ya Yahi, jamii iliyoangamizwa na walowezi. Malezi hayo yanasaidia kueleza kwa nini mwandishi huyu hakuridhika na desturi aliyoikuta. Riwaya za kifantasia za Kiingereza, hususan zile za J.R.R. Tolkien, zilikuwa zimechota katika ngano za Ulaya ya Kaskazini, na weupe wa mashujaa ulichukuliwa kuwa jambo lisilohitaji kuelezwa. Le Guin aliupindua utaratibu huo. Wakazi wengi wa visiwa vya Earthsea ni watu wa rangi ya shaba na kahawia. Ged mwenyewe ni mwekundu wa udongo, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Weupe ni Wakargad, watu wa mashariki wanaokivamia kijiji cha Ged mwanzoni mwa hadithi. Riwaya hii ilitoka miaka minne baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, katika mwaka ule ule aliouawa Martin Luther King.

Yafaa kuzingatia jinsi usawiri huo ulivyotekelezwa. Msimulizi haitangazi rangi ya Ged katika ukurasa wa kwanza. Rangi inayotajwa mapema, tena kama jambo la kigeni, ni weupe wa wavamizi. Ya shujaa hudokezwa baadaye, kidogo kidogo, wakati msomaji amekwisha kushiriki njaa yake, kiburi chake na hofu yake. Le Guin alieleza baadaye kwamba alikusudia hivyo: msomaji mweupe ajikute amekwisha kuingia katika nafsi ya kijana asiye mweupe kabla hajapata nafasi ya kusita. Kwa hiyo rangi katika riwaya hii ni sehemu ya mbinu ya usimulizi, na haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo la mandhari.

Hapa ndipo tofauti ya vyombo viwili inapodhihirika. Kamera haina uwezo wa kuficha sura. Mwigizaji anapotokea tu, mtazamaji amekwisha kuiona rangi yake. Hata mwelekezi mwenye nia njema kabisa asingeweza kuihifadhi mbinu ile ya kuchelewesha. Alilobakiwa nalo ni uamuzi wa kumchagua mwigizaji, na uamuzi huo ulikuwa huru. Katika tamthilia iliyoonyeshwa na Sci Fi Channel kwa siku mbili, iliyoandikwa na Gavin Scott na kuelekezwa na Robert Lieberman, Ged aliigizwa na Shawn Ashmore, ambaye ni mweupe. Kwa hivyo chombo kiliilazimisha rangi ionekane mapema, lakini hakikulazimisha iwe rangi ipi.

Aidha, nafasi iliyoachiwa waigizaji weusi inastahili kuangaliwa. Mhusika mkuu mweusi aliyejitokeza zaidi ni Ogion, mwalimu wa Ged, aliyeigizwa na Danny Glover. Katika riwaya, Ogion ni mmoja wa watu wa rangi walio wengi katika jamii yake, na mwanafunzi wake ni wa rangi kama yeye. Katika tamthilia anageuka kuwa mzee mweusi mwenye hekima ambaye kazi yake ni kumlea shujaa mweupe. Tabia yake haikubadilishwa sana. Kilichobadilika ni uhusiano wake na watu wanaomzunguka, na uhusiano huo mpya unafanana na kigezo kilichozoeleka mno katika filamu za Marekani.

Mabadiliko ya pili yanahusu jina na kivuli. Katika Earthsea kila mtu ana jina la kweli, ambalo ni siri, na jina la kutumia mbele ya watu. Mwana wa mfua shaba anajulikana kwa wote kama Sparrowhawk, jina la ndege wa jamii ya kipanga, ilhali Ged ni jina la siri analopewa na Ogion. Tamthilia iliyabadilishana majina hayo. Kosa hili linaweza kudhaniwa kuwa dogo, lakini kilele cha riwaya kinalitegemea jina hilo: Ged anapokutana na kivuli alichokifungulia mlango kwa kiburi cha ujana, analiita kwa jina lake mwenyewe. Adui alikuwa yeye. Riwaya haina mfalme mwovu wa kushindwa vitani. Tamthilia, kwa kuhitaji adui anayeweza kuonekana, ilimwongeza Mfalme Tygath, na hivyo uovu ukahamishwa kutoka nafsini mwa shujaa ukawekwa katika kiti cha enzi cha mtu mwingine.

Mabadiliko ya tatu yanamhusu Tenar. The Tombs of Atuan (1971) husimuliwa kwa mtazamo wake, na Ged huingia baada ya sehemu kubwa ya hadithi kupita. Tenar amechukuliwa utotoni, akanyang'anywa jina, akafanywa kuhani wa nguvu za giza. Dhamira kuu ni jinsi anavyoukana utumishi huo na kuubeba uzito wa uhuru. Tamthilia iliziunganisha riwaya mbili, ikamfanya Tenar mlinzi mwema wa nguvu zilizofungwa, na kumfunga kwa Ged kwa mapenzi ambayo Le Guin hakuyaandika hadi Tehanu (1990). Maadamu makuhani wa tamthilia wanailinda dunia dhidi ya giza, Tenar hana tena utumwa wa kuukana.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba televisheni ya biashara haina budi kurahisisha. Hoja hii ina uzito katika suala la Tygath na la kuunganisha riwaya, kwani saa chache haziwezi kubeba vitabu viwili vya tafakuri. Lakini haielezi rangi, maana mwigizaji wa kahawia hahitaji dakika za ziada. Wala haielezi kwa nini mwandishi aliwekwa kando. Mkataba ulimpa Le Guin cheo cha mshauri tu. Alipotoa maoni, hakusikilizwa, na mwezi huo huo wa Desemba 2004 alichapisha katika jarida la Slate makala ya kulalamikia kuwafanya weupe watu wa Earthsea. Ikumbukwe kwamba mwaka 1980 riwaya yake nyingine, The Lathe of Heaven (1971), iligeuzwa kuwa filamu ya televisheni ya umma nchini Marekani, naye akashirikishwa katika kuiandaa. Kwa hiyo tatizo halikuwa televisheni kwa jumla, bali mamlaka yaliyokuwa nyuma yake.

Historia ya Ged inaonyesha kwamba mabadiliko ya mhusika hayana uzito sawa. Mengine hutokana na maumbile ya chombo, mengine na haja ya muda, na mengine na mazoea ya watayarishaji kuhusu nani anafaa kuwa shujaa. Mhakiki anayeyachanganya yote chini ya neno "uaminifu" huwapa watayarishaji nafasi ya kuyatetea mazoea yao kwa kisingizio cha mahitaji ya chombo. Mwaka 1968 kijana wa rangi ya udongo aliwekwa katikati ya ulimwengu wa fantasia. Miaka 36 baadaye aliondolewa hapo, na hakuna kanuni yoyote ya sanaa ya televisheni iliyohitaji aondolewe.