Mzee Amekubali, Lakini Ameridhia?

Mwaka 1989 Mmarekani Fred Davis alichapisha nadharia iliyokuja kutawala utafiti wa kompyuta: mtu hutumia chombo kipya akiona kina manufaa kwake na hakimpi taabu kukitumia. Davis aliwawazia watu wa ofisini. Leo kwa kipimo hicho hupimwa hata mzee wa miaka 80 anayeishi peke yake, aliyeletewa roboti ya kumkumbusha dawa au kumwokotea kilichoanguka.

Kwa anayeyatafsiri mambo haya kwa Kiswahili, jina la chombo chenyewe halisumbui. Tumeshazoea "vifaa saidizi", yaani fimbo nyeupe, kiti mwendo na vinginevyo, basi "roboti saidizi" inaeleweka mara moja. Kazi ipo kwenye kile tunachomtaka mzee akifanye. Neno jepesi ni "ukubalifu". Tatizo ni kwamba kwetu mtu hukubali kwa sababu nyingi. Mama akiletewa kitu na mwanawe atakubali, tena kwa dua na shukrani, kisha kitu kitawekwa kabatini na kufunikwa kitambaa. Adabu imetimia, matumizi hayapo.

Marcel Heerink na wenzake wa Uholanzi walishughulika na pengo hilo katika modeli ya Almere, iliyochapishwa mwaka 2010. Kwenye manufaa na wepesi waliongeza mambo ya moyoni: wasiwasi, imani, raha ya kuitumia roboti, hata hisia kwamba kuna mtu anayekusikiliza. Nia ya kutumia na matumizi yenyewe wakavipima kila kimoja peke yake.

Ndiyo maana mimi nachagua "uridhiaji". Ndani yake mna radhi, na radhi haitolewi kwa aibu. Atakayesema mikataba nayo huridhiwa bungeni, kweli, lakini sidhani kuna msomaji atakayechanganya bunge na sebule ya bibi.

Isitoshe, mtu huridhia jambo mahususi. Watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walipowauliza wazee, wengi walipendelea roboti kwa usafi wa nyumba na kuchukua vitu. Kuogeshwa na kuvishwa walitaka wafanyiwe na binadamu. Sentensi "mzee ameikubali roboti" basi ina upungufu. Wewe unayetafsiri dodoso la utafiti wa namna hii, usimwulize mzee kama anaikubali roboti. Mwulize angeridhia imfanyie nini, na nini isimguse.