Msimamo wa Ligi na Kumbukumbu ya Taifa

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na vinyago peke yake. Umo pia katika mambo ambayo watu waliyapokea kutoka nje, wakayapa majina yao na kuyafanya sehemu ya maisha yao. Kandanda ni moja ya mambo hayo. Katika insha hii tunakusudia kuutazama msimamo wa ligi, yaani ile orodha ya timu na alama zake ambayo wengi wetu huisoma kwa haraka kisha tukaisahau. Orodha hiyo ni waraka wa historia, ingawa si waraka uliokamilika.

Klabu zetu kongwe ni za kale kuliko ligi yenyewe. Young Africans ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na jina lake lilitangaza kwamba waliokusanyika ni vijana wa Kiafrika, katika zama ambazo Mwafrika hakuwa na sauti katika mji wake. Mwaka uliofuata ilizaliwa klabu iliyoitwa Queens, ikawa Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Kwa hiyo safari ya kutoka utawala wa kigeni hadi kujitambua inaweza kusomwa katika majina ya timu moja tu. Watu wa Kariakoo, kwa upande wao, waliligeuza jina la Young Africans likawa Yanga, nalo likaingia katika Kiswahili bila kuomba ruhusa.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Sunderland ilikuwa bingwa mwaka huo na mwaka 1966, ikafuatwa na Cosmopolitan mwaka 1967. Yanga ilitwaa ubingwa mfululizo toka 1968 hadi 1972, nayo Simba ikafanya vivyo hivyo toka 1976 hadi 1980. Mwaka 1974 ubingwa uliamuliwa Mwanza, katika uwanja wa Nyamagana, Yanga ilipoishinda Simba mabao 2 kwa 1. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ushindani wa mitaa miwili ya Dar es Salaam umekwisha kuwa jambo la nchi nzima.

Tukiusoma msimamo kwa makini tunaona kuwa una uadilifu wake. Watu hukumbuka kishindo, bali orodha hukumbuka hesabu. Mashabiki wa Yanga hawajachoka kuyasimulia mabao 5 ya mwaka 1968, wala wale wa Simba mabao 6 ya mwaka 1977. Hata hivyo, katika siku hizo ushindi wowote ulileta alama 2, uwe wa bao moja au wa mabao sita. Leo huleta alama 3. Bingwa hapatikani kwa siku moja ya shangwe, bali kwa kudumu katika kazi msimu mzima. Hilo ni somo lisilohusu uwanja peke yake.

Lakini orodha hiyo ina upungufu wake pia. Katika misimu yote toka 1968 hadi 1980, klabu moja tu nje ya Simba na Yanga ilipata ubingwa, nayo ni Mseto ya Morogoro, mwaka 1975. Baadaye zikaja Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Morogoro mwaka 1999 na 2000. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda daraja, na msimu uliofuata ikashuka. Tusiseme upesi kwamba ilibahatisha. Mara nyingi mikoa hulea mchezaji tangu utotoni, naye akishakomaa huitwa mjini, kwenye mashabiki wengi na fedha nyingi. Alama zake huandikwa mbele ya jina la klabu iliyomvuna, wala hapana safu inayomtaja aliyepanda.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wazee walioanzisha timu za wilayani, wakachanga senti zao kununua mpira na kufyeka viwanja kwa mikono yao, wanatutoka mmoja mmoja, nao huondoka na habari ambazo hazikuandikwa. Kazi ya kuziandika haiwangojei wataalamu. Mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuwaendea wazee wa mahali pao, wakauliza timu ilianza lini, nani aliipa jina, iliwahi kucheza na nani, na wachezaji wake bora walikwenda wapi. Majibu hayo yakihifadhiwa, taifa litakuwa na historia ya kandanda inayoanzia uwanja wa kijiji, nao msimamo wa ligi utakuwa ukurasa wake mmoja.