Mcheza Kwao Hutunzwa

Kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu ni nadra arusi kwisha bila muziki wa Kilingala. Wengi wetu tunawatazama wakubwa wa Kinshasa kama walimu wa kazi hiyo. Yafaa basi tuulize pia walivyotendeana wao kwa wao.

Januari 1960, viongozi wa Kongo walikutana na Wabelgiji mjini Bruxelles kujadili uhuru. Joseph Kabasele, mkuu wa African Jazz, alikwenda huko kuwatumbuiza wajumbe. Katika kundi lake walikuwamo Vicky Longomba na Brazzos, wanamuziki wa OK Jazz, bendi iliyoshindana na yake. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo Indépendance Cha Cha, uliotaja kwa pamoja vyama na viongozi wenye kuhitilafiana, ukavuma Afrika nzima. Walioimba umoja walikuwa wamekwisha kuutenda.

Lakini Kabasele huyo huyo, aliyewafungulia mlango washindani, hakuweza kukaa na watu wake mwenyewe. Mwaka 1963 Tabu Ley Rochereau, mpiga gitaa Nico Kasanda na wenzao walimwacha kwa malalamiko ya fedha, wakaunda African Fiesta. African Jazz haikurudia tena nguvu zake za awali. Jina kubwa halikuwatosha waliongoja malipo.

Hata hivyo kinyongo hakikuwa na neno la mwisho. Kabasele alifariki Februari 1983. Baadaye Tabu Ley, aliyekuwa amemwacha, na Franco, mkuu wa OK Jazz, waliungana kuimba kwa kumkumbuka.

Miaka ya karibu imetuonyesha upande mwingine. Julai 2016, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, video ilimwonyesha Koffi Olomide akimpiga teke mwanamke mcheza dansi wa kundi lake. Kenya ilimfukuza nchini, na tamasha alilolijia likafutwa. Aliomba radhi hadharani. Wapo waliosema kwamba msanii mkubwa huvumiliwa. Sisi tunauliza: yule mcheza dansi, ambaye safari na riziki yake vilikuwa mikononi mwa mkuu wake, angemlalamikia nani kama pasingekuwa na mtu wa kupiga video?

Hapo ndipo tabia ya msanii hupimwa: mbele ya yule asiyeweza kumjibu. Kumpendeza mpenzi wa muziki aliyelipa kiingilio si kazi ngumu. Kazi ni kumheshimu mpiga ngoma, mcheza dansi na mbeba vyombo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika bendi na kwaya zetu za Uvira, tujiulize: je, malipo hupatanwa kabla ya arusi na kutolewa siku ile ile? Je, anayekosea sauti hurekebishwa au hutukanwa mbele ya watu? Na binti anayecheza akinyanyaswa, ni nani kati yetu atakayesimama upande wake?