Mgongo wa Kauri

Isaka ni bandari isiyo na bahari. Reli itokayo Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hupita hapo, na shehena za Rwanda huhamishiwa kwenye malori mahali ambapo hata harufu ya chumvi haipo. Hapo ndipo mimi, mtu wa kisiwani, nilipoulizwa swali la pwani nikakosa jibu. Bibi mmoja alinionesha mkanda wa kichwani alioachiwa na nyanya yake, umeshonewa kauri safu mbili.

"Mwanangu, wewe watoka kwenye maji ya chumvi. Huyu alikuwa mdudu gani?"

Kwetu kauri ni kitu cha watoto kuchezea. Nilitaka kusema upesi, "Ni konokono wa bahari," nikasita, maana gamba huweza kudanganya. Vile vijikombe vyeupe vinavyoganda miambani na kwenye matumbo ya majahazi, vikatuchana nyayo, wataalamu walivihesabu ukoo mmoja na chaza na kombe, hata mwaka 1830 John Vaughan Thompson alipochunguza wachanga wao waogeleao, akabaini kuwa ni jamaa wa kamba na kaa.

Kauri zilizotumika kama fedha zilikuwa hasa za namna mbili. Moja ni ya manjano, yenye nundu pembeni, na nyingi zilitoka Maldives. Ya pili, iliyojaa katika pwani yetu, ina umbo la yai na pete ya rangi ya dhahabu mgongoni. Lakini mshonaji huuondoa mgongo ili kauri ilale sawasawa juu ya ngozi au kitambaa. Hubaki mdomo na meno yake. Alama ya kuitambulia ndiyo hiyo iliyokatwa! Nikazigeuza moja moja, nikatazama kingo: nundu hazikuwapo. Nikakisia kuwa ni za kwetu.

Zilipanda bara kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Speke alipotoka Kazeh, ndiyo Tabora, kuelekea ziwani mwaka 1858, misafara ilikwisha kuizoea nchi hii. Pwani ilipokea pembe za ndovu, na watu pia, ikatoa nguo, shanga, nyaya na magamba haya. Buganda kauri ilikuwa fedha kamili. Serikali ya Waingereza iliacha kuipokea kwa kodi mwaka 1901, na hadi leo Waganda huita fedha *ensimbi*. Upande wa pili, tangu miaka ya 1840, wafanyabiashara wa Hamburg walizichukua kutoka Unguja kwa shehena, wakazimwaga Afrika Magharibi hata thamani yake ikaporomoka.

Sisi washairi, nami nimo, tumeisifu lulu mpaka imechujuka. Kauri, iliyonunua nusu ya bara, hatukuitupia jicho.

Nilimwambia bibi niliyoyajua: kwamba ni konokono kweli, hula mwani mwembamba uotao mawimbani, hupenda kujificha chini ya mawe, na akiwa hai nyama yake hutoka ikalifunika gamba lote.

Akapapasa pale palipokatwa. "Basi hiyo pete huonwa na nani?"

Nimekwisha kumtafutia moja nzima.