Mkulungwa, Sheha na Mwenyekiti: Nani Anaulizwa?

Kata ya Mkunya, wilayani Newala, iko juu ya uwanda wa Makonde. Mvua ikinyesha huko, mchanga huinywa yote, wala haiachi kijito. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliwakuta wanawake wakiteremka bondeni kuchota maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Mabomba ya Mradi wa Maji wa Makonde, yanayovuta maji kutoka Mitema, yalikuja nusu karne baadaye. Nchi ya namna hiyo haikulea ufalme. Ililea makazi madogo yaliyotawanyika msituni, kila moja na mkubwa wake.

Mkubwa huyo aliitwa mkulungwa. Alikuwa ndiye aliyeanzisha makazi, au mrithi wake, ambaye kwa kawaida alikuwa mpwa, mtoto wa dada, kwa kuwa Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama. Mkulungwa alimgawia mgeni ardhi, akasuluhisha magomvi, akasimamia mambo ya mila. Askari hakuwa nao. Aliyeonewa au aliyechoshwa alifunga mizigo, akaondoka na ndugu zake, akafyeka pori kwingine. Baada ya miaka naye akawa mkulungwa wa hapo. Kwa hiyo kila mkulungwa alijua kwamba akizidisha ubabe, ataamka asubuhi akiwa mkubwa wa nyumba tupu. Majirani zao Wayao walikuwa na njia nyingine. Biashara ya misafara iliwapa baadhi yao machifu wenye bunduki na wafuasi wengi, kama Machemba, aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka kadhaa hadi alipovuka Ruvuma mwaka 1899. Kwa Wayao nguvu ilimfuata chifu. Kwa Wamakonde nguvu ilikuwa miguuni mwa raia.

Serikali za kikoloni hazikuielewa nguvu hiyo. Wajerumani walitawala kwa maakida na majumbe. Waingereza, walipoleta utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, walitafuta machifu wa Kimakonde wasiwapate, wakawageuza wakulungwa kuwa watendaji wao. Mkulungwa aliyedai kodi kwa niaba ya boma alikuwa mtu mwingine kabisa mbele ya watu wake. Mpango huo haukufika mbali, na mwishowe wakawekwa maliwali. Tangu hapo mkubwa wa mahali alipewa kazi na aliye juu yake, na aliye juu yake ndiye aliyemwuliza hesabu.

Baada ya Uhuru, uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya nazo zikavunjwa, na katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu pamoja. Wakati huohuo mikorosho ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Mkorosho ni mti wa kuachiwa watoto na wajukuu. Mtu mwenye shamba la mikorosho hawezi kumkimbia kiongozi mbaya kwa kuhamia pori jingine. Mlango aliotokea babu yake umefungwa.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, iliyorudisha serikali za mitaa, ilifungua mlango mwingine, nao ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Mkutano huo huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ambao angalau robo yao ni wanawake. Unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo husomwa mapato na matumizi. Tatizo lipo katika mpangilio wa madaraka wenyewe. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji, lakini mtendaji anayeshika daftari la fedha ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Mmoja anatazama chini, mwingine anatazama juu, na mwananchi akinyamaza, yule anayetazama juu ndiye anayebaki na neno.

Fedha zenyewe si habari ya mbali. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara hauzidi asilimia 3. Kilo ya korosho ikinunuliwa shilingi 3,000, halmashauri ya wilaya hupata shilingi 90, na tani moja huiingizia shilingi 90,000. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa hesabu hiyo, shilingi 9 katika kila kilo zinapaswa kurudi kwa wananchi kwa njia ya mikopo. Mkulima anayejua hesabu hii anaweza kusimama mbele ya diwani na kuuliza swali lenye jibu.

Wengine wamelitatuaje jambo hili la nani amwulize kiongozi? Zanzibar ina sheha, mkubwa wa shehia, ambaye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Faida yake ni kwamba amri hushuka haraka. Hasara yake ni kwamba wakazi wa shehia hawana kura ya kumwondoa. Uganda iliwapa wanavijiji mabaraza ya kuchaguliwa tangu 1986, na watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao hadharani. Lakini baada ya uchaguzi wa 2001, wenyeviti wa vijiji hawakuchaguliwa tena hadi 2018. Baraza lililozaliwa la wananchi likakaa miaka 17 bila kuulizwa. Katika jimbo la Glarus, Uswisi, wapiga kura bado hukusanyika uwanjani kila Mei na kuamua mambo kwa kunyoosha mikono. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilipendekeza manispaa 25 ziunganishwe ziwe 10. Mwananchi mmoja akatoa hoja ziwe 3, na hoja yake ikapita. Glarus ni jimbo dogo lenye mali, na uwanja wake haupimwi kwa kipimo cha Newala. Hata hivyo, kinachoupa mkutano wake uzito ni kwamba hoja inayotoka kwa raia huweza kushinda ya serikali. Mkutano ambao matokeo yake yanajulikana kabla haujaanza hauna kazi.

Je, watu wa uwanda wa Makonde wana desturi ya kusema hapana mbele ya wenye nguvu? Wanayo, na waliionyesha mwezi Oktoba 2018. Katika minada ya korosho ya Newala na Tandahimba, wakulima walizisikia bei za wanunuzi wakazikataa, korosho zikabaki ghalani. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itazinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yaliyofuata katika malipo ni kisa kingine, lakini neno la mkulima lilifika Ikulu. Ile nguvu ya kuondoka aliyokuwa nayo babu iligeuka kuwa nguvu ya kukataa.

Kwa maoni yangu, nguvu hiyo imebaki mnadani na haijahamia vya kutosha kwenye mkutano wa kijiji. Tunapiga kelele juu ya bei, tunanyamaza juu ya ushuru. Mkulungwa aliogopa watu wake wasimhame. Mwenyekiti, mtendaji na diwani wa leo hawana hofu hiyo, basi wapewe nyingine, ya kuulizwa hadharani kila robo mwaka. Ndugu msomaji wa Mkunya, Newala na Masasi, mkutano ujao ukiitwa, nenda. Usipoitwa, wadai mwenyekiti na mtendaji wauitishe, maana ni haki yako kisheria. Na ukifika, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe kabla ya ajenda nyingine yoyote.