Mzigo wa Kambi: Kutoka Wapagazi wa Mombasa hadi Paa la Sola

Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa michoro ya msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kuikamilisha mwaka 1596, huelezwa zaidi kwa mizinga yake na kwa bendera zilizopandishwa na kuteremshwa juu ya kuta zake, ilhali historia yake inaweza kuelezwa vilevile kwa akiba. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na upungufu zaidi kuliko silaha, na kila msaada uliofika kutoka Goa uliongeza unga na baruti, ukaongeza pia watu wa kulishwa. Hesabu hiyohiyo, yaani siku ngapi watu wanaweza kukaa mahali pasipo na soko wala msaada, ndiyo iliyotawala kambi zote zilizotoka kisiwani Mombasa kwenda bara. Kambi hizo zimebadilika kwa kadiri ya aliyebeba akiba hiyo, na sehemu ya mzigo huo leo imehamia juu ya paa la gari.

Katika karne ya 19 akiba ilibebwa na wapagazi, watu walioajiriwa kuchukua mizigo kichwani au begani, ambao kila mmoja alipewa uzito wa takriban kilo 30 mbali na chakula na vyombo vyake mwenyewe. Misafara ya kutafuta pembe za ndovu, ambayo kwanza ilikuwa mikononi mwa Wakamba na baadaye ikaingiliwa zaidi na Waswahili na Waarabu wa pwani, ilivuka bahari hadi bara, ikapanda vilima vya Rabai, kisha ikakabili Nyika ya Taru, pori kavu la miiba ambapo maji yalipatikana katika mashimo ya mawe yaliyohifadhi mvua, na yasipopatikana msafara ulilazimika kutembea hata usiku. Njia hiyo ndiyo waliyopita wamisionari Johannes Rebmann, aliyeuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Johann Ludwig Krapf, aliyeuona Mlima Kenya mwaka uliofuata; na mwaka 1883 ilipitiwa na Joseph Thomson akielekea nchi ya Wamaasai. Vitabu vyao vinataja milima kwa urefu na kuni kwa ufupi, ingawa bila kuni hakuna aliyelala salama: jioni ilipofika watu waliokwisha kutembea kutwa walikata miiba ya boma, wakatafuta maji, wakakusanya kuni za kupikia na za moto wa kuwafukuza wanyama, na moto huo ulipaswa kulishwa hadi alfajiri. Mwanga wa kambi, kwa maneno mengine, ulikuwa kazi ya mikono ya watu waliochoka.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 ilipunguza safari ya mguu, lakini haikuupunguza mzigo huo kwa wote. Katika daraja la Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwashambulia vibarua wa reli kwa miezi kadhaa licha ya maboma na mioto, mpaka walipouawa mwezi Desemba. Na Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyeteremka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 na kuendelea kwa treni, alikuwa na wapagazi zaidi ya 200 wa kumbebea mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi na vitabu. Starehe ya kambi ya namna hiyo ilisifiwa sana Ulaya na Marekani. Idadi ya vichwa vilivyoibeba haikusifiwa vivyo hivyo.

Mjini kwenyewe mwanga ulikuwa umeanza kubadili mkondo. Kwa mujibu wa historia inayotolewa na shirika la umeme la Kenya, jenereta ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliipata mwaka 1875 kwa ajili ya jumba lake na mitaa ya jirani ilinunuliwa mwaka 1908 na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na kutokana nayo ikaundwa kampuni ya kukiwashia kisiwa umeme, ambayo mwaka 1922 iliunganishwa na ile ya Nairobi. Nyaya hizo hazikumfuata msafiri. Yeye aliendelea na kandili na karabai, taa inayotumia mafuta yaliyosukumwa kwa pampu, na hata gari liliposhika nafasi ya wapagazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mafuta ya taa yalibaki miongoni mwa mizigo ya lazima.

Gari la kambi, yaani gari lililowekewa kitanda, jiko, tangi la maji na jokofu, lilileta tatizo ambalo mpagazi hakulijua. Betri yake huchajiwa na injini, na injini huzimwa kambi inapoanza. Betri ya kawaida ya risasi na asidi, yenye volti 12 na ujazo wa ampia-saa 100, ina nishati ya wati-saa 1,200, lakini huharibika upesi ikitumiwa kupita nusu. Na jokofu dogo katika joto la pwani laweza kumaliza nusu hiyo kwa siku moja. Kwa hiyo msafiri alikuwa na njia mbili tu, kuhama kila baada ya siku moja au mbili ili injini izunguke, au kuwasha jenereta na kuwaudhi majirani.

Seli ya silikoni inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme ilioneshwa hadharani na maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954, lakini kwa miaka mingi bei yake iliifaa setilaiti kuliko gari. Nchini Kenya teknolojia hiyo haikuingia kwa mlango wa watalii. Katika miaka ya 1980 Harold Burris, mhandisi Mmarekani, na wenzake waliifunga katika shule za vijijini Meru, na soko likakuzwa na wakulima na walimu waliotaka taa na televisheni. Baada ya viwanda vya China kushusha bei, na baada ya taa za LED kupunguza mahitaji, paneli za sola za wati 200 hivi zikaonekana juu ya magari yanayovuka kivuko cha Likoni kuelekea fukwe za Tiwi na Diani.

Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini mwa ikweta, inalifaa paa la gari kwa namna ya pekee. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo paneli iliyolazwa bapa hupata karibu yote inayoweza kupata, tofauti na Ulaya ya kaskazini ambako lazima iinamishwe na bado majira ya baridi huipunguzia sana. Vikwazo vya pwani ni vingine: chumvi huganda juu ya kioo, joto hupunguza nguvu ya seli, na mawingu ya mvua za masika hurudisha hesabu nyuma. Kikubwa zaidi ni kivuli. Misafara ya zamani ilipiga kambi chini ya mti mkubwa bila kufikiri mara mbili, lakini mwenye sola hutakiwa kuchagua kati ya ubaridi wake mwenyewe na chakula cha betri, ndiyo maana wengi sasa huegesha gari kivulini na kuitandaza paneli ya kukunjwa juani kwa waya mrefu. Anayefanya hivyo aweza kukaa wiki nzima bila kuwasha injini, na kinachomwondoa ufukweni huwa ni maji ya tangi kuisha.

Betri nazo huchakaa. Betri kuukuu za risasi, nyingi zikiwa za magari ya kawaida na baadhi za sola, huyeyushwa ili risasi yake itumike tena, na katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa bara wa Mombasa, kiwanda cha kazi hiyo kilichoendeshwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kilitia sumu damu ya wakazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake alikutwa na risasi mwilini, aliongoza madai yao, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo wa kijiji usafishwe.